Viungo vya majani nyumbani, Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yametoka kwenye makopo yaliyojazana rosheni yangu, ghorofa ya tatu, Ng'ambo, na kwenye uwa wa mama mkwe wangu kule Wete. Ukisema viungo hapa kwetu, mtu anafikiria karafuu na mdalasini. Mie nazungumzia vya kijani: kotmiri, nanaa, mrehani, mchaichai na jamaa zao, vile unavyotumwa dukani kuvitafuta wakati mchuzi uko jikoni tayari.

Sijawahi kupanda hata kunde. Nianze na kipi?

Anza na kilichomo kikapuni mwako. Ukirudi Darajani au Mwanakwerekwe na fungu la nanaa, usilimalize lote kwenye chai. Chagua vijiti vitatu vinene kidogo ambavyo havijachanua. Vikate chini ya kifundo, pale majani yanapochomoza, toa majani ya chini, kisha vitie kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua kali. Badilisha maji kila baada ya siku moja. Wiki moja, ikizidi mbili, utaona vizizi vyeupe kama uzi wa kushonea. Vikifika urefu wa kidole gumba, hamishia kwenye kopo.

Mchaichai nao ni hivyo hivyo, ila mwambie muuzaji akupe mashina yenye kitako. Yaliyokatwa juu ya kitako yananukia vizuri kwenye birika lakini hayaoti ng'o. Yasimamishe kwenye maji yenye kina cha vidole viwili, na baada ya wiki mbili tatu mizizi itatoka. Chombo chake kiwe kikubwa, ndoo ya lita 20 ndiyo saizi yake, na kisiwe njiani watoto wanapopita. Majani yake yanakata kama wembe.

Vitunguu majani ndivyo rahisi kuliko vyote. Kata vya kupikia, bakisha kipande cha chini chenye mizizi, urefu wa vidole viwili, kifukie. Siku ya nne kinakuchungulia.

Mbegu ziache mpaka hivi vitatu vikukubali. Wengi wanaoniuliza wamenunua pakiti sita za mbegu, wakazimwaga zote siku moja, na mwezi ulipoisha wakabaki na makopo ya udongo mtupu na imani kwamba wana mkono mbaya.

Naishi Mji Mkongwe, sina uwa. Nipande wapi?

Kwanza tafuta jua, halafu ndipo utafute nafasi. Viungo vingi vya majani vinataka jua la muda wa saa nne mpaka sita kila siku, na vichochoro vya mjini huwa na kivuli kutwa. Ndiyo maana juu ya paa, kama mwenye nyumba anaruhusu, ni pazuri kuliko dirisha la chini. Ila paa la zege saa saba mchana ni tanuri. Weka makopo juu ya mbao au matofali ili yasikae kwenye zege lenyewe, na tafuta kivuli cha nusu, hata kiwe cha makuti mawili au khanga kuukuu iliyotundikwa.

Jua la asubuhi ni jema kuliko la alasiri. Rosheni inayotazama mashariki ukiipata, ishike.

Kuna jambo linawababaisha wengi: kopo lililostawi mwezi wa sita, mwezi wa kwanza linakauka mahali pale pale. Visiwa vyetu viko nyuzi 5 mpaka 6 na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki linapita upande wa kusini. Ukuta unaotazama kusini ambao wakati wa Kusi ulikuwa kivulini, Kaskazi ikiingia unapigwa na jua. Basi makopo yako yahame kama upepo unavyohama. Hiyo ndiyo faida ya kopo juu ya shamba, kopo lina miguu.

Udongo gani unafaa? Naweza kuchukua mchanga wa pwani?

Hapana, na nasema hivyo kwa machungu. Mwaka wa kwanza nilibeba gunia zima la mchanga mweupe kutoka pwani ya Jambiani, nikauona safi, hauna majani wala wadudu. Nikapanda nanaa kopo tano. Wiki ya pili ncha za majani zikawa za kahawia, ya tatu majani yakapauka yakawa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, ya nne nikazimwaga. Mchanga ule una chumvi ya bahari, na tena ni matumbawe na makome yaliyosagika, yaani chokaa. Chumvi unaweza kuiosha kwa maji mengi ya mvua, chokaa haioshiki. Penye chokaa nyingi mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma hata yakiwemo, ndiyo ule umanjano.

Chukua udongo mwekundu wa mashamba, ule wanaouita kinongo, au udongo mweusi wa chini ya mwembe. Ule wa bondeni unaonata, kinamo, usiutumie peke yake; ukikauka ndani ya kopo unakuwa tofali. Mchanganyiko wangu ni huu: makopo mawili ya udongo, kopo moja la samadi iliyooza vizuri, kopo moja la makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Ukifinya konzi moja ya mchanganyiko huo ukafumbua kiganja, ushikamane kidogo kisha uvunjike ukiugusa kwa kidole. Ukibaki donge, ongeza makumbi. Ukimwagika kama mchele, ongeza udongo.

Makumbi nayo yana mtego wake. Yale yaliyotoka jikoni au kwa muuza madafu hayana neno. Lakini yale ya wanawake wa pwani wanaosokota kamba za usumba yamefukiwa miezi kadhaa kwenye tope la bahari, yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi mara tatu, kila mara umwage, kabla ya kuyapa mmea. Mwani uliotupwa na bahari ni hivyo hivyo: mbolea nzuri, ila kwanza uoshwe.

Samadi ya ng'ombe au mbuzi iwe imekauka na haina tena harufu ya zizi. Ya kuku ni kali, ikae miezi miwili mitatu chini ya kifuniko la sivyo inaunguza mizizi. Majivu ya jikoni watu wanayapenda, lakini kwa udongo wetu wenye chokaa tayari ni kuongeza chokaa juu ya chokaa, mie nimeacha. Na chicha la nazi usilitie kwenye kopo hata kidogo. Litaleta sisimizi, halafu panya, halafu maneno na jirani.

Lazima ninunue vyungu vya maua?

Dumu la mafuta lililokatwa, ndoo iliyopasuka mdomo, kopo la rangi lililooshwa vizuri, vyote sawa. Sharti ni matundu chini, matano au sita ya ukubwa wa penseli. Kina kiwe shubiri moja kwa kotmiri na mrehani. Nanaa inapenda upana kuliko kina, beseni kuukuu linaifaa. Chupa ya maji ya lita moja iliyokatwa nusu ni ya kuoteshea miche tu.

Kisahani cha kupokea maji chini ya kopo kikaushwe. Mbu anakamilisha safari ya yai mpaka kuruka kwa muda wa wiki moja hivi katika joto letu, na wale wa mchana wanaobeba homa ya dengi wanapenda vijisahani kama hivyo hasa.

Kotmiri yangu haioti. Nimejaribu mara tatu.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote.

Mbegu ya kotmiri ni giligilani ile ile ya kwenye pilau. Kipunje kimoja cha duara unachokiona si mbegu moja, ni mbegu mbili zilizokumbatiana ndani ya ganda. Ukikifukia kizima kitaota, lakini kwa kusitasita. Kazi yako ni kulitenganisha ganda bila kuziumiza zilizomo. Mie natandaza punje kwenye kibao cha chapati, nachukua mti wa kusukumia, naupitisha juu yake kwa uzito wa mkono tu, kama unayemaliza chapati iliyokwisha kuwa nyembamba. Utasikia zinalia kidogo, tak, tak. Kila moja inafunguka nusu mbili kama mashua zilizopinduliwa. Ukiona unga, umekandamiza mno.

Ziloweke usiku mmoja. Asubuhi mwaga maji, zitandaze kwenye kopo zikiwa na nafasi ya vidole viwili baina yao, funika kwa udongo wa unene wa nusu kidole gumba. Nyunyiza maji taratibu, kata nzima ukiimwaga kwa mpigo inazikusanya zote pembeni. Kisha funika kopo kwa kipande cha gunia kibichi na uliweke kivulini. Udongo ukiwa wa moto sana mbegu hizi zinagoma, na gunia linaupoza. Siku ya sita anza kuchungulia kila asubuhi. Ukiona kijani cha kwanza, toa gunia siku hiyo hiyo. Kwa kawaida zinaota baina ya siku ya saba na ya kumi na nne.

Giligilani ya kununua kwa muuza viungo inaota, ilimradi ni nzima, haijakaangwa na haijalala dukani miaka. Inusie: ikiwa haina harufu, haina uhai. Mie naiamini kuliko baadhi ya pakiti. Niliwahi kuuziwa pakiti yenye picha nzuri, na kibandiko cha bei kimebandikwa juu ya tarehe ya mwisho. Nilikibandua nyumbani. Tangu hapo nabandua dukani. Mbegu za pakiti zilizopakwa rangi ya waridi au kijani zimetiwa dawa: za kupanda tu, usizichanganye na za jikoni, na mikono ioshwe.

La mwisho: usiihamishe. Kotmiri ina mzizi mmoja mrefu unaoshuka chini kama karoti, na ukiugusa inanuna. Ipande pale pale utakapoivunia.

Imeota, lakini imetoa maua kabla sijaila.

Ni joto, au kiu, au vyote. Kotmiri ikiona hali ngumu inakimbilia kuzaa mbegu. Utaijua: majani mapya yanakuwa membamba kama shamari na shina la katikati linapanda juu. Ikifika hapo kulikata shina kunakuchelewesha siku chache tu. Kula maua yake, yanafaa kwenye kachumbari, au iache izae upate giligilani yako mwenyewe, na panda nyingine.

Anayetaka kotmiri mwaka mzima hapandi mara moja. Anapanda kopo dogo kila wiki mbili au tatu. Kopo la kwanza likichoka, la tatu liko tayari.

Basi nipande mwezi gani?

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ndio wakati wa kotmiri. Pepo za Kusi zinapoza, mvua ni za kupita, na hata asiyejua anavuna. Kama unataka kujaribu pasile, ile inayofanana na kotmiri lakini majani yake ni magumu zaidi, ipande wakati huu na uwe na subira. Mbegu zake zinaweza kukaa wiki tatu au nne ardhini.

Masika, Machi mpaka Mei, ni wakati wa tangawizi na manjano kuingia ardhini, na wa kugawa mchaichai. Vyenye majani laini vitie chini ya upenu, mvua ya Aprili inavilaza na kuviozesha. Vuli ni nzuri kwa mrehani na pilipili. Kaskazi ya Januari na Februari usipande chochote kipya kama huna kivuli na maji ya uhakika. Tunza ulivyonavyo.

Kila mwaka naulizwa kuhusu Ramadhani, maana ndipo fungu la kotmiri linaponyweya na bei inapopanda, na bila kotmiri hakuna kachori wala chatne ya kueleweka. Kotmiri inachukua wiki nne mpaka sita kufikia kukatwa. Ukipanda kopo la kwanza mwishoni mwa Rajabu na la pili katikati ya Shaabani, utakata wiki ya kwanza ya mfungo na kuendelea. Lakini mwezi unasogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, kwa hiyo usipange kwa kumbukumbu ya mwaka jana tu. Ramadhani ikiangukia Kaskazi, kivuli; ikiangukia Masika, upenu.

Maji kiasi gani, na mara ngapi?

Tia kidole udongoni mpaka kifundo cha kwanza. Kikitoka kikavu, tia maji mpaka yatoke kwa chini. Kikitoka na udongo umekiganda, ondoka, rudi kesho. Hakuna kanuni nyingine. Nanaa na mchaichai vinataka ubichi siku zote, mrehani ukauke kidogo baina ya maji na maji. Tia alfajiri au baada ya alasiri. Ukiukuta mrehani umelegea saa nane mchana usiushitukie kwa ndoo, angalia udongo kwanza. Mara nyingi unajikunyata tu kwa jua na magharibi umesimama tena.

Mifereji ikikata, na inakata, maji ya kuoshea mchele yanafaa kabisa yakiwa hayana chumvi. Maji ya udhu pia, kwa kuwa hayana sabuni. Shangazi yangu anatawadha mbele ya beseni lake la nanaa na sijaona nanaa nyingine iliyonenepa vile. Maji ya kuoshea samaki yaache. Mmea hautakufa, lakini paka wote wa mtaa watakuja kuuaga.

Walioko Paje, Bwejuu na Makunduchi wana shida nyingine. Maji matamu ya chini ya ardhi yetu yanaelea juu ya maji ya bahari, na kisima cha karibu na pwani kikivutwa sana kinapanda chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa kopo, ndiyo hiyo. Kinga maji ya mvua kwenye pipa lenye kifuniko, na mara moja kwa mwezi mwagia kila kopo maji hayo mengi mpaka yapite chini mara tatu nne, yabebe chumvi. Na upepo wa pwani unarusha chumvi juu ya majani. Kiambaza cha makuti upande wa bahari kinasaidia.

Mrehani wa kikuba ndio huo huo wa kupikia?

Ndiyo, na wengi wanashangaa. Mrehani tunaoutia kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na asumini na mkadi, na ule wenye majani mapana ambao mahoteli ya Nungwi yanautia kwenye piza, ni aina moja ya mmea, tofauti ni kama ya embe dodo na embe boribo. Wetu una majani madogo na harufu kali zaidi, basi tia kidogo, na utie mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Kivumbasha ni ndugu yao, lakini mie namwacha afukuze mbu.

Mbegu zake ni ndogo na nyeusi. Usizifukie, zinyunyize juu na uzibonyeze kwa kiganja. Zikipata maji zinavaa utando wa ute, usidhani zimeoza. Mche ukiwa na jozi tatu za majani, kata kichwa chake juu ya jozi ya pili. Inauma roho, lakini pale ulipokata shina moja yanachipua mawili. Ukianza kutoa maua, yakate, la sivyo majani yanakuwa madogo na machungu.

Nimefukia thomu (kitunguu saumu), imetoa majani lakini chini hakuna kitu.

Wala hakutakuwa na kitu. Thomu inahitaji wiki kadhaa za baridi kali ili ijigawe punje, na baridi hiyo Zanzibar haipo. Majani yake lakini ni matamu: yakate kama vitunguu majani utie kwenye mayai au kwenye mchuzi wa samaki. Ukiipanda kwa ajili ya majani hutovunjika moyo.

Tangawizi na manjano?

Chagua kipande cha tangawizi chenye vijicho vilivyovimba, kisichonyauka, cha ukubwa wa vidole viwili. Kata, acha kidonda kikauke siku mbili, kifukie kina cha vidole vitatu vijicho vikitazama juu. Chombo kiwe kipana, kivuli cha nusu, udongo usiotuamisha maji. Ukipanda mwanzo wa Masika utavuna miezi minane mpaka kumi baadaye, majani yakigeuka manjano na kulala. Ukikosa subira, miezi mitano baada ya kupanda pekua pembeni kwa kidole uibe kipande kichanga. Manjano yanakwenda hivyo hivyo, ila vaa nguo usiyoipenda siku ya kuvuna.

Mti wa majani ya mchuzi unachukua muda gani?

Muda. Mwaka wa kwanza haufanyi chochote cha maana, unasimama tu. Mbegu zake zikikauka zinakufa haraka, kwa hiyo mbegu ya pakiti ni kamari. Tafuta mtu mwenye mti mkubwa akuchimbulie chipukizi linaloota kwenye mizizi, lenye mizizi yake. Mama mkwe alimpa jirani chipukizi kama hilo, na sasa mti wa jirani umeupita wake, jambo ambalo halizungumzwi.

Ni jamaa wa ndimu, kwa hiyo unashambuliwa na wadudu wa ndimu. Ukiona juu ya jani kitu kama kinyesi cha ndege, kitazame vizuri: huenda ni kiwavi cha kipepeo, na kikikua kinageuka kijani na kula tawi zima kwa siku mbili. Kitoe kwa mkono. Na usichume majani mpaka mti uwe umekufika magotini.

Rosmari na zaatari zinakubali kwetu?

Kwa shida. Zimezoea ukavu, sisi tuna unyevu. Udongo uwe na kokoto na makumbi mengi, maji machache, mahali penye upepo. Zangu zilikufa Masika mbili mfululizo kabla sijazihamishia chini ya upenu.

Wadudu, konokono, paka, kunguru. Nifanyeje?

Kwa zamu. Vidukari, wale wadogo wanaojazana kwenye ncha laini, wapigwe maji kwa nguvu asubuhi siku tatu. Wakibaki, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, suuza asubuhi. Mwarobaini nao unasaidia: twanga konzi mbili za majani mabichi, loweka usiku kucha kwenye lita moja, chuja kwa kitambaa, nyunyiza. Usinyunyize siku unayotaka kuvuna, uchungu wake unaingia mpaka kwenye mchuzi.

Konokono wakubwa wanatoka usiku wakati wa Masika. Toka na tochi baada ya isha, waokote. Hakuna dawa iliyoshinda tochi.

Paka wa mjini wanaona kopo la udongo laini kuwa ni choo walichojengewa. Chomeka vijiti vya makuti wima, karibu karibu, mpaka mmea ujaze kopo. Hili si la usafi tu: kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya hatari kwa mimba, basi mwenye ujauzito asishike udongo huo mikono mitupu, na majani yote yaoshwe vizuri kabla ya kuliwa mabichi.

Kunguru, hawa wa Kihindi walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na hawakuondoka tena, wanang'oa miche kwa ufidhuli tu, hawaili. Kipande cha wavu wa zamani wa samaki juu ya kopo kinatosha. Kuku je? Kuku wa jirani ni suala la jirani.

Naweza kupanda karafuu au hiliki kwenye ndoo?

Karafuu inakaa miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuzaa, na ni mti wa kukwewa kwa ngazi. Hiliki inataka kivuli cha msitu na unyevu. Waachie wenye mashamba.

Nivune vipi, na nihifadhi vipi?

Usivue mmea nguo zote. Theluthi moja kwa mara moja, basi. Kotmiri kata mashina ya nje, acha moyo wa katikati. Nanaa na mrehani kata juu ya jozi ya majani. Mchaichai vuta shina la pembeni kwa kulizungusha.

Kotmiri isimamishe kwenye glasi ya maji ndani ya friji, ikiwa imefunikwa mfuko juu, inakaa wiki au zaidi. Mrehani usiutie frijini, baridi inaugeuza mweusi. Uache mezani kwenye glasi kama maua. Ikizidi, saga kotmiri na thomu, tangawizi, pilipili mbuzi moja na ndimu, gandisha kwenye vibati vya barafu. Kibonge kimoja kinatosha mchuzi wa watu wanne. Kukausha fanya wakati wa Kusi, kivulini. Ukikausha Masika unafuga ukungu.

Nakwenda Pemba wiki nzima. Nani atatia maji?

Sogeza makopo yote kivulini, yabanane. Jaza ndoo ya maji, iweke juu ya kiti katikati yao, na ifunike. Pasua khanga kuukuu vipande virefu vya upana wa vidole viwili, virowanishe, ncha moja izame mpaka chini ya ndoo na nyingine uifukie kwenye kopo. Maji yatashuka yenyewe kwa kitambaa. Fanya majaribio siku mbili kabla ya kusafiri, kwani kipande kinene mno kinamaliza ndoo kwa usiku mmoja.

Na ukirudi na vijiti vya nanaa kutoka kwa wenyewe, vifunge kwa kitambaa kibichi, vitie kwenye kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko, uvishike mkononi. Usiviweke kwenye begi litakalokwenda chini ya mizigo ya boti. Mie nilifika bandarini Malindi, hapa Unguja, na mchuzi wa nanaa.